Nyimbo za Wazee wa Likasi: Dola Zako Ziende kwenye Mashine au kwenye Nakala?

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kunasa muziki, alimkuta kijana Jean-Bosco Mwenda akipiga gitaa mjini Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, nchini Kongo. Wimbo wake Masanga ulivuka mipaka, na mwaka 1969 Mwenda akapanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Rekodi za Tracey bado zipo ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes huko Makhanda, Afrika Kusini. Zimedumu kwa kuwa kuna aliyezitunza na kuandika nani aliimba, wapi na lini.

Siku hizi mtambo wa kurekodi unatosha mfukoni. Kazi ya kutunza ndiyo haijapungua. Familia ya mtaa wa Kikula yenye bibi anayejua nyimbo za Kisanga, au kikundi cha mtaa wa Panda kinachopiga karindula, muziki wa banjo kubwa la pipa, kina njia kadhaa mbele yake. Tumezilinganisha kwa gharama na kwa kile kitakachobaki baada ya miaka kumi. Bei za vifaa tulizotaja ni za soko la kimataifa na ni za kukadiria. Ukinunulia Likasi, ongeza usafiri, ushuru na faida ya muuzaji.

Simu uliyonayo: dola 0

Kwa sauti ya mtu mmoja, au kwa likembe inayopigwa chumbani, simu ya kawaida inafaa. Udhaifu wake ni kwamba imetengenezwa kwa maongezi. Ngoma ikilia, simu inashusha sauti yenyewe, kisha inaipandisha tena kukiwa kimya, na mdundo unapoteza nguvu. Tafuta programu ya kurekodi inayotoa faili za WAV na inayokuruhusu kuzima kipunguza kelele. Weka simu hatua mbili kutoka kwa mwimbaji, juu ya kitambaa kilichokunjwa, na uiweke katika hali ya ndege ili mtu asipige katikati ya ubeti.

Usirekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Unaminya sauti mno, na kilichotupwa hapo hakirudi.

Kinasa sauti cha mkononi: takriban dola 100

Zoom H1essential na Tascam DR-05X zinakaribiana bei. Zote mbili zina maikrofoni mbili na zinatumia betri ndogo za dukani, faida kubwa pale umeme wa shirika la SNEL unapokatika. Tofauti iko kwenye kupima sauti. Kwa Tascam unapanga kiwango mwenyewe kabla ya kuanza. Ukikosea, ngoma kubwa inapasuka masikioni. Zoom hii inarekodi kwa biti 32 za aina ya float, kwa hiyo hata sauti ikipanda ghafla unaweza kuishusha baadaye bila kuiharibu. Kwa kikundi kisicho na fundi, Zoom ina nafuu. Mwenye mazoea ya mitambo hatapungukiwa na Tascam.

Kikundi cha watu kumi kikichanga dola 10 kila mmoja, kifaa kimepatikana. Kwa karindula, lile banjo kubwa la pipa lililowambwa ngozi, pamoja na ngoma zake, hapa ndipo pesa inapoonekana kazi yake.

Studio: uliza kabla ya kuingia

Studio nyingi hutoza kwa wimbo au kwa saa, na kazi yao ni kutengeneza wimbo wa kuuzwa. Mzee ataambiwa afupishe, afuate mdundo wa kompyuta, na huenda akawekewa kinanda ambacho hakukiomba. Muziki wa karindula huchezwa kwa muda mrefu, nje, watu wakicheza na kuitikia. Mtayarishaji Vincent Kenis alipoukusanya Lubumbashi kwa ajili ya albamu The Karindula Sessions, iliyotoka mwaka 2011 katika lebo ya Crammed Discs, alitoa pia filamu kwenye DVD; sauti peke yake haionyeshi uchezaji wenyewe.

Ukienda studio hata hivyo, kubalianeni kabla ya kulipa kwamba utapewa sauti ghafi ya kila chombo, pamoja na wimbo uliokamilika.

Kaseti za kabatini

Kicheza kaseti kidogo cha USB kinauzwa dola 20 hadi 30. Kinavutia kwa bei, ila mwendo wake mara nyingi hauko sawa, na sauti huyumba. Deki nzuri ya zamani, ikisafishwa kichwa kwa spiriti na kuunganishwa na kompyuta yenye Audacity, programu ya bure, inatoa kazi bora zaidi. Mkanda uliochakaa unaweza kukatika ukichezwa tena na tena. Anza kurekodi tangu mara ya kwanza unapoucheza.

Kutunza: hapa ndipo bajeti inaamuliwa

Wahifadhi wa sauti duniani, kupitia shirika lao la IASA, wanapendekeza kiwango kisichopungua 48 kHz na biti 24. Kwa kiwango hicho, saa moja ya stirio ni takriban GB 1. Piga hesabu:

- Memori kadi ya GB 64, karibu dola 10: saa 60 hivi. Ni ya kubebea tu. Inapotea kirahisi.
- Akaunti ya bure ya Google, GB 15: saa 15, ukiondoa barua pepe na picha zako. GB 100 ni kama dola 2 kwa mwezi, yaani dola 120 kwa miaka mitano, na bado hujanunua mega za kupakia.
- Diski ya nje ya TB 1, dola 50 hadi 80: zaidi ya saa 900, unalipa mara moja. Ikianguka, zote zimekwenda.
- Internet Archive: bure, ila kila mtu anaona. Nyimbo za jando na za siri za ukoo zisipelekwe huko bila ruhusa ya wazee wenyewe.

Video ya simu hula GB kadhaa kwa saa. Irekodi kwa vipande vifupi vinavyoonyesha vidole na hatua za ngoma.

Ushauri wetu

Usiye na pesa: tumia simu, WAV, memori kadi, na nakala kwenye akaunti ya bure. Jumla dola 10.

Wenye dola 230 hivi: kinasa sauti, kadi, na diski mbili za bei nafuu. Diski moja ibaki Likasi, nyingine ikae kwa ndugu Lubumbashi, kilomita 120 hivi kutoka hapa, ili mwizi au moto usimalize zote kwa siku moja.

Wenye zaidi ya hapo: msinunue mashine ya bei kubwa zaidi. Mlipeni mzee kwa muda wake, na mlipeni kijana anayejua lugha yake aandike maneno ya wimbo, jina la mwimbaji, kijiji, tarehe na hafla unapoimbwa. Andikeni pia nani ameruhusu nini. Faili inayoitwa "REC0047" haina faida kwa mjukuu hata ikiwa safi namna gani.