Mugithi: Burudani Iliyonikosha Roho Mwaka Uliopita

Kila mwaka unapokwisha, wapenzi wa muziki na sinema huwa na ada ya kuulizana: je, ni kitu gani kilichokuburudisha zaidi? Wako watakaotaja filamu walizotazama katika simu zao, na wako watakaotaja arbantone, muziki wa vijana wa Nairobi uliotia fora mwaka 2024. Mimi mtu wa pwani, niliyelelewa kwa kasida na taarabu, nikiulizwa habari za mwaka uliopita sina haja ya kufikiri sana. Ni mugithi. Wala si mugithi wa redioni, bali ule wa mtu mmoja na gita lake, usiku wa manane, katika mabaa ya Ruiru na Thika.

Najua wasomaji wangu wa Mombasa watashtuka. Mwalimu wangu wa chuoni, Mungu amrehemu, angalikuwa hai angaliniuliza nilifuata nini baa. Jawabu ni kwamba nilifuata wimbo, na chai ya maziwa niliinywa mpaka mhudumu akazoea kuniletea bila ya kuagizwa.

Kwa wasioujua, Ruiru ni mji uliokaa baina ya Nairobi na Thika, kando ya ile barabara kuu iliyofunguliwa mwaka 2012. Zamani aliyelitaja jina lake sana alikuwa mkulima wa kahawa, kwani hapo ndipo kilipo kituo cha utafiti kilichotoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985. Leo mashamba mengi yamegeuka majumba ya kupangisha, na hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliukuta mji huo una watu wapatao 490,000, karibu mara mbili ya Thika. Wengi ni wapangaji, watu wa kuamka alfajiri kuwahi matatu na kurudi usiku. Mtu wa namna hiyo akipata usiku mmoja katika juma wa kujistarehesha, hataki mzaha.

Neno mugithi kwa Kikuyu maana yake ni garimoshi. Wachezaji hushikana mabega au viuno, wakafuatana safu moja na kuzunguka baina ya meza kama mabehewa. Reli ilifika Thika mwaka 1913, ikiwa ni tawi la ile iliyoanzia kwetu Mombasa. Basi nadai kuwa nami nina haki ya kupanda.

Mtindo huu wa gita moja ulishika katika miaka ya 1990. Kabla ya hapo mwenye baa aliyetaka muziki hakuwa na budi kulipa bendi nzima, wapigaji na waimbaji, na nauli zao juu. Kanda za wizi zilipozivunja nguvu bendi hizo, akatokea mtu mmoja mwenye gita na kinanda cha umeme kilichotiwa mapigo ya ngoma tayari, akazibeba peke yake nyimbo za bendi kumi. Mike Rua na Salim Junior ni miongoni mwa waliomtia mugithi katika kila mdomo. Siku hizi Samidoh ameuvusha bahari hadi Marekani.

Usiku wenyewe huanza pole pole, mnamo saa tatu, pengine kwa nyimbo za kanisani. (Nilishangaa, lakini hakuna mwingine aliyeshangaa.) Kisha huja Joseph Kamaru, kisha Daniel Kamau, kisha Queen Jane, ambaye alifariki mwaka 2010 na sasa anaimbwa na vijana waliokuwa watoto wadogo siku alipozikwa. Hakuna kusita baina ya wimbo na wimbo. Mpigaji huunga huu na ule kwa nyuzi tu, kama fundi cherehani asiyetaka mshono uonekane, na saa nzima hupita bila ya safu kukatika. Watu hutuza vile vile kama tunavyotuza taarabuni, ila hapa wengine hutuza kwa simu, na mwimbaji hulitia jina la mtoaji na kijiji chake ndani ya wimbo: Gatanga, Kandara, Gatundu. Mtu aliyeshinda kutwa akiitwa “wewe” na bwana wake kazini, husikia jina la babake likiimbwa. Nimewaona watu wazima wakifuta machozi kwa hilo.

Ikifika saa saba matusi huanza, na hapo gari huacha reli, kwa maoni yangu. Naambiwa kuwa matusi ya ngoma ni ya asili, kwamba nyimbo za tohara za Wakikuyu zilikuwa nayo. Sikatai. Hata kwetu unyagoni yapo, lakini yana pahali pake na watu wake.

Sasa nije kwenye jambo lililonikera katika starehe hii. Usiku mmoja mjini Thika mpigaji alianza wimbo, na nyumba nzima ikasimama, hata wahudumu na sinia zao. Kijana mmoja, fundi wa pikipiki, aliyekuwa akinifasiria maneno akaninong'oneza: “Mzee, huyu ni DeMathew. Alifia hapo tu, karibu na Blue Post.” Kweli. John DeMathew, mtu wa Gatanga, alikufa kwa ajali ya gari tarehe 18 Agosti 2019, akitoka katika mchango wa kumsaidia mwanamuziki mwenzake, Peter Kigia. Alikuwa mtunzi wa mafumbo na methali, na aliongoza chama cha wanamuziki cha kuweka akiba na kukopa, kwa kuwa alijua vizuri jinsi wenzake wanavyozeeka mikono mitupu.

Nikamuuliza kijana: “Mwanangu, watoto wa marehemu wanapata nini kwa wimbo huu?”

Akacheka. “Lakini mzee, hii wimbo si ni yetu sisi wote?”

Swali lake lilinikaa moyoni, kwani ndivyo tulivyofanya na sisi. Marehemu Juma Bhalo anajulikana Pwani nzima kwa sauti yake. Lakini katika watu mia wanaozikariri nyimbo zake, ni wangapi wanaojua kuwa nyingi ni tungo za Ahmad Nassir, malenga wa Mvita? Mwimbaji hupata jina, na mtunzi hupata salamu akikutwa msikitini.

Sheria, hata hivyo, haisemi kama yule kijana. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huulinda wimbo maisha yote ya mtunzi, na miaka 50 baada ya mwaka aliokufa. Kwa hesabu hiyo tungo za Kamaru, aliyefariki tarehe 3 Oktoba 2018, zina wenyewe hadi mwisho wa mwaka 2068, na za DeMathew hadi mwisho wa 2069. Lakini katika nyusiku zote nilizokaa huko sikumwona mtu aliyeandika ni wimbo wa nani uliopigwa. Bila ya orodha, huo mrabaha utagawanywaje? Mwenye baa huuza vinywaji, mpigaji huweka tuzo mfukoni, na mjane wa mtunzi huusikia wimbo wa mumewe ukipita dirishani katika matatu.

Chuoni tulifundishwa kuwa kasida haisomwi mpaka atajwe aliyeitunga na kuombewa. Yuko mpigaji mmoja pale Ruiru, kijana wa miaka ishirini na kitu, ambaye hakusoma chuo chetu lakini hufanya hivyo hivyo: kabla ya wimbo hutaja ni wa nani na alitoka kijiji gani. Humchukua nukta chache, gita likiendelea chini chini, na nimewasikia watu wakiitikia jina hilo kwa kelele kuliko wimbo wenyewe. Huyo ndiye ninayemfuata mwaka huu. Hupiga Ijumaa, si Jumamosi, nami nikisha kuswali Isha sina budi kukaza mwendo, kwani viti vya mbele hujaa mapema.