Jeraha Lisilosemwa: Madhara ya Muda Mrefu ya Mpira wa Mkojo

Kila mwaka, ifikapo tarehe 11 Februari, katika Kumbukumbu ya Bikira Maria wa Lourdes, Mama Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyoanzishwa na Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 1992. Siku hiyo tunawaombea wagonjwa walioko hospitalini na majumbani. Wapo miongoni mwao wanaobeba jeraha lisilotajwa katika nia za Misa wala katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, kwa kuwa liko mahali pa siri pa mwili: jeraha lililosababishwa na mpira wa mkojo. Aibu huwafanya wengi wachelewe kupata tiba. Kwa sababu hiyo tumeona vema kulieleza jambo hili kwa uwazi na kwa heshima.

Mpira huo ni msaada mkubwa. Huwekewa mzee aliyezibwa na tezi dume, mama anayejifungua kwa upasuaji, na majeruhi wa ajali asiyejitambua. Hupitishwa katika njia ya mkojo hadi kwenye kibofu, kisha puto dogo lililo karibu na ncha yake hujazwa maji ili usichomoke. Puto likijazwa kabla halijafika kibofuni, au mpira ukisukumwa kwa nguvu, au mgonjwa aliyechanganyikiwa akiuvuta puto likiwa bado limejaa, njia ya mkojo huchanika. Wanaume huumia zaidi, kwani njia yao ina urefu wa takriban sentimita 20 na ina mapindo, ilhali ya wanawake ni takriban sentimita 4.

Damu hukoma baada ya muda, mgonjwa huruhusiwa kurudi nyumbani, na jamaa hudhani yamekwisha. Lakini mahali palipochanika hujijenga kovu, na kovu lina tabia ya kukaza. Baada ya majuma, miezi au hata miaka, njia husinyaa. Mkojo hutoka mwembamba au kwa kutawanyika, mgonjwa hujikamua, na akimaliza huhisi kibofu hakijaisha. Mkojo unaobaki huleta maambukizi ya mara kwa mara na wakati mwingine mawe ya kibofu. Hali hiyo ikiachwa, kibofu hudhoofika, na mkojo unaorudi nyuma huweza kuharibu figo. Kwa upande wa wanawake, mpira uliokaa muda mrefu sana huweza kuila na kuipanua njia ya mkojo, hata mkojo ukawa unavuja pembeni ya mpira.

Tiba ipo. Daktari bingwa wa njia ya mkojo huweza kuipanua njia iliyosinyaa, kulikata kovu kwa kifaa kinachopitishwa ndani, au kuijenga upya kwa upasuaji, pengine kwa kutumia ngozi laini ya ndani ya shavu. Kovu huweza kurudi; kwa hiyo mgonjwa asiache kliniki kwa kuona tu kwamba amepata nafuu. Na asiyeweza kukojoa kabisa asingoje kupambazuke: apelekwe hospitali mara moja.

Injili inatusimulia habari za mama aliyetokwa na damu kwa miaka 12, akatumia mali yake yote kwa waganga bila kupona. Alimjia Yesu kwa nyuma, katikati ya umati, kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa wa aibu. Bwana hakumwacha aondoke kimya kimya. Alimpa nafasi ya kusema, akamwita binti, akamrudisha kati ya watu. Leo nasi tunao wazee walioacha kuja kanisani kwa kuogopa harufu au kulowa. Tusiseme kwamba imani yao imepoa. Tuwatembelee, tuwapelekee Ekaristi Takatifu, tuwatengee kiti karibu na mlango wenye kuelekea chooni, na tuwakemee wanaocheka. Kijana anayemuuguza baba yake na amwulize kwa upole, wakiwa wawili tu, kama anakojoa vizuri.

Hatuandiki haya ili kuwashitaki wauguzi, ambao wengi wao huhudumia wodi zilizofurika kwa moyo wa sadaka. Ila familia inao wajibu na haki ya kuuliza. Je, mpira huu bado unahitajika leo? Utatolewa lini? Maana kila siku unayokaa nao huongeza hatari ya maambukizi. Mpira ufungwe vizuri pajani usivutwe; mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu, wala usilazwe sakafuni; na mtu yeyote asiuchomoe nyumbani kwa mikono yake. Mgonjwa akilia kwa maumivu wakati puto linajazwa, au damu ikitoka, aelezwe muuguzi au daktari papo hapo, na jambo hilo liandikwe katika faili lake, ili daktari atakayemwona baada ya miaka ajue chanzo.

Mwili wote ni hekalu la Roho Mtakatifu, pamoja na viungo vile tunavyovifunika kwa staha. Staha huvifunika viungo hivyo ili viheshimiwe, wala haimzuii mgonjwa kumweleza daktari maumivu yake. Mtakatifu Kamili wa Lellis, msimamizi wa wagonjwa na wauguzi, ambaye mwenyewe aliishi miaka mingi na kidonda mguuni, atuombee.