Pointi za Leseni: Zikijaa, Hakuna Paybill ya Kuzifuta

Mjomba wangu huendesha Probox kutoka Wote kuelekea Makindu. Msimu wa maembe simu yake haipoi. Siku moja aliipokea akiwa kwa usukani na faini ikawa Sh2,000. Jioni alicheka tu: "Hiyo nitarudisha kesho na tripu mbili."

Na hapo ndipo wengi wetu tunakosea. Tunaona faini kama bei ya kazi: unalipa, unasonga.

Hebu tupige hesabu kwa viwango vya makosa madogo ya barabarani vya 2016. Ukipitisha mwendo kwa kilomita 12 kwa saa, Sh3,000. Simu ukiendesha, Sh2,000. Mkanda, Sh500. Jumla Sh5,500, na bado gari halijawekwa mafuta.

Sasa ongeza pointi. Mfumo huu umezungumzwa Kenya tangu leseni ya kidijitali yenye chipu ilipoanza mwaka 2017. Wazo ni rahisi: kila kosa linabaki kwa rekodi yako, hata kama faini umelipa. Kule Uingereza, dereva akifikisha pointi 12 ndani ya miaka mitatu, kwa kawaida hafungui mlango wa dereva kwa angalau miezi sita. Dereva mpya akifikisha sita katika miaka miwili ya kwanza, leseni inafutwa na anarudi kufanya mtihani upya. Ufaransa wanahesabu kinyume: leseni kamili ina pointi 12, zinakatwa hadi ziishe.

Kwa mtu wa ofisi, miezi sita bila leseni ni usumbufu. Kwa mjomba, ni karo, ni mkopo wa gari, ni chakula. Pesa ya faini unaweza kukopa kwa simu usiku huo huo. Leseni haikopwi.

Kwa hivyo anza mapema:

• Weka simu kimya kabla ya kuwasha gari. Mteja atakupata ukisimama.

• Faini ya serikali hailipwi kwa namba ya mtu binafsi. Malipo ya eCitizen hupitia Paybill 222222. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN.

• Ukipata SMS yenye linki ya "futa pointi zako", usibonyeze. Hakuna anayeuza pointi, na hakuna afisa anayehitaji PIN yako.

• Hifadhi ujumbe wa malipo na risiti. Siku ukiulizwa, utakuwa na ushahidi.

• Tenga kitu kidogo kila siku kwa akiba ya simu, cha kukagua breki na taa.

Mjomba siku hizi ana kijana wa kumshikia simu. Akiulizwa mbona, anasema: "Gari naweza nunua ingine. Leseni ni moja."

Safari njema, na ufike.