Mzigo wa msituni uanikwe kabla ya kuingia ndani

Mtu anayerudi Kindu kutoka msituni huwa amechoka. Ametoka kwa mtumbwi katika kambi ya wavuvi, au kwa pikipiki kutoka machimbo ya Kailo na Punia, au amesukuma baiskeli yenye shehena njia nzima kutoka Kasongo. Akifika nyumbani anautua mzigo kando ya mlango, anaoga, anakula, analala. Turubai, chandarua, blanketi, mkeka na pengine hema vinabaki vimefungwa vilevile vilivyofungwa alfajiri kule kambini, umande ukiwa haujakauka. Baada ya siku mbili tatu mtu mwingine wa nyumbani anausukuma mzigo huo uvunguni mwa kitanda ili kupisha njia. Kuanzia hapo unyevu na wadudu wana nafasi ya kufanya kazi yao bila kusumbuliwa.

Mkoa wetu wa Maniema una sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Tarehe 27 Februari 1905, mjini Kasongo, alifariki daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton, akiwa na umri wa miaka 30. Miaka michache kabla ya hapo, alipokuwa Gambia, ndiye aliyetambua aina ya vimelea vya malale katika damu ya binadamu. Yeye na mwenzake kutoka Kanada, John Lancelot Todd, walitumwa Kongo na Chuo cha Tiba ya Magonjwa ya Tropiki cha Liverpool kuchunguza malale, wakapanda mto hadi upande huu wa mashariki. Huku wakakuta homa nyingine, inayompanda mtu kwa siku chache, ikamwacha akidhani amepona, kisha ikamrudia. Wenyeji walikuwa wakimlaumu kimputu, yule ambaye watu wa pwani humwita papasi.

Wenyeji walikuwa sahihi. Dutton na Todd waliwaacha papasi wawaume tumbili, na tumbili wakaugua. Walionyesha pia jambo ambalo wengi hawakulitarajia: papasi wachanga, walioanguliwa kutoka mayai ya papasi mwenye vimelea, wanaweza kuambukiza hata kama hawajawahi kumuuma mgonjwa yeyote. Mwaka uliotangulia, nchini Uganda, madaktari Philip Ross na Arthur Milne walikuwa wameonyesha kuwa homa ya papasi husababishwa na kijidudu chenye umbo la kujipinda kinachoonekana katika damu. Dutton na Todd wote wawili waliugua homa hiyo. Todd alipona. Mwaka 1906 bakteria huyo alipewa jina la marehemu, na leo vitabu vya tiba vinamwita Borrelia duttonii.

Tumtazame papasi mwenyewe kwa karibu, maana tabia zake ndizo zinazotufundisha namna ya kuutunza mzigo. Ni mdudu bapa, rangi yake ya udongo, ngozi yake imekunjamana na haina gamba gumu mgongoni kama kupe wa ng'ombe. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, chini ya mikeka, ndani ya vumbi. Usiku hutoka, hunyonya damu kwa nusu saa hivi, hushiba, hujiangusha na kurudi mafichoni. Aliyeumwa mara nyingi hajui kitu. Akikosa damu, papasi huvumilia njaa kwa miaka kadhaa. Mbu ukimfungia ndani ya mfuko atakufa baada ya siku chache, papasi atakungoja.

Kwa miguu yake hafiki mbali. Sisi ndio tunaomsafirisha. Mtu akilala katika kibanda cha wasafiri chenye sakafu ya udongo, papasi aliyeshiba hupenya alfajiri katika mkunjo wa mkeka, katika pindo la blanketi, au chini ya begi lililolazwa sakafuni. Zamani alisafiri hivyo katika mizigo ya wapagazi na misafara. Leo anaweza kupanda pikipiki. Akifika katika nyumba ya udongo na kupata ufa, anahamia hapo na kizazi chake.

Kwa hiyo mzigo ufunguliwe nje, mahali penye jua, juu ya ardhi iliyofagiwa na isiyo na majani, na wala usifunguliwe chumbani. Mkeka usimamishwe, upigwe kwa fimbo, ugeuzwe, ushinde juani mchana kutwa. Blanketi na nguo zing'utwe, kisha mshono upitiwe kwa macho, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu mdudu hakai pale katikati palipo wazi. Vitu vinavyostahimili maji ya moto vilowekwe katika maji ya moto ya nyuzi 60 au zaidi. Joto hilo likiwafikia vizuri, kunguni, chawa na mayai yao hawaliwezi. Jua peke yake huwafukuza wadudu wengi lakini haliwaui wote. Watu wengi huliamini jua kupita kiasi. Ukimwona papasi, usimpasue kwa kucha, maana majimaji ya mwili wake hubeba vimelea. Mmwagie maji yanayochemka.

Hali ni tofauti kabisa ikiwa kambini mmoja wenu alikuwa na vipele na malengelenge ya mpox. Maniema inaujua ugonjwa huo. Tunda, katika mkoa wetu, ilikuwa moja ya sehemu mbili za jaribio la dawa ya tecovirimat lililoanza mwaka 2022. Sehemu ya pili ilikuwa Kole, Sankuru. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 yalionyesha kuwa dawa hiyo haikuharakisha kupona kwa vidonda. Magamba ya vidonda yanayobaki kwenye shuka na blanketi yana virusi, kwa hiyo matandiko ya mgonjwa yasing'utwe hata kidogo. Yakunjwe polepole kuelekea ndani, yabebwe mbali na mwili, yatiwe moja kwa moja katika maji ya moto na sabuni, na anayeyafua avae glavu na kufunika pua na mdomo.

Sasa chandarua. Hiki nakiomba kitengwe na vitu vingine, kwa sababu kinachoufaa mkeka kinakiharibu chandarua. Nchi yetu ni ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria, na kwa familia nyingi za Kindu chandarua chenye dawa ndiyo kinga kuu. Dawa yenyewe ni ya jamii ya pairethroidi, kama deltamethrini au permethrini. Imepakwa juu ya uzi au imechanganywa ndani yake, na ile iliyo ndani hupanda juu taratibu kila baada ya kufuliwa. Vyandarua vya kudumu hutengenezwa ili vistahimili kufuliwa kama mara 20 katika vipimo vya maabara na kutumika kwa takribani miaka 3. Kila ufuaji huondoa sehemu ya dawa, kwa hiyo chandarua kilichoingia vumbi tu king'utwe na kirudishwe kitandani.

Kikichafuka kweli, kifuliwe kwenye beseni kwa maji baridi na sabuni isiyo kali. Kisisuguliwe juu ya jiwe. Kisitiwe javeli. Kisichemshwe. Kisha kianikwe kivulini, na hapa ndipo watu wengi hukosea kwa nia njema. Mionzi ya jua huvunjavunja dawa hiyo, hivyo chandarua kilichoshinda juani kinaweza kung'aa kwa usafi huku nguvu zake za kumuua mbu zikiwa zimepungua. Baraza yenye upepo inatosha.

Wala kisifuliwe mtoni. Pairethroidi kwa binadamu ina madhara madogo kwa kiasi kilichomo kwenye chandarua, lakini kwa samaki na wadudu wa majini ni sumu kali. Povu unaloliachia kwenye kijito linafika walipo samaki wachanga, na mji huu unakula samaki wa Lualaba. Maji ya kufulia yamwagwe chooni au katika shimo lililo mbali na kisima na mto. Kwa sababu hiyohiyo, kuvulia samaki kwa chandarua cha dawa ni kujidhuru mara mbili.

Turubai na hema havileti homa, ila vina thamani kubwa, na aliyelowa usiku msituni anajua kuwa turubai lililooza si kinga. Wanaolala kwenye hema kwa wiki nyingi si watalii peke yao. Timu za utafiti zilizokuwa na kituo chao hapa Kindu zilizunguka kambi kwa kambi katika misitu ya Lomami, ambako tumbili lesula alitambulishwa kwa sayansi mwaka 2012 na ambako Hifadhi ya Taifa ya Lomami, yenye karibu kilomita za mraba 8,900, ilianzishwa mwaka 2016. Walinzi wa hifadhi nao hulala humo.

Upande wa ndani wa hema nyingi umepakwa utando wa poliyurethani unaozuia mvua. Maji yakibaki yameugusa utando huo kwa wiki kadhaa penye joto, huukata vipandevipande katika kiwango cha molekuli. Dalili zake ni harufu kali ya kuchacha na kitambaa kunata mikononi, kisha utando kubanduka kama magamba. Hali ikifika hapo hakuna sabuni wala gundi itakayolirudisha hema. Kuvu nao wana sharti lao: hewa yenye unyevu unaozidi asilimia 70 hivi, na uchafu kidogo wa kula. Tope, jasho na mabaki ya majani vinatosha kuwalisha. Madoa yao meusi hayatoki kirahisi, na vumbi lao huamsha pumu. Anayesugua kitu chenye kuvu afanye hivyo nje, na afunge kitambaa puani.

Hema lisafishwe kwa maji, kitambaa laini na sabuni kidogo. Tope liachwe likauke kwanza, kisha lipigwe brashi. Zipu zisafishwe mchanga, kwa maana ndizo hufa mapema. Likianikwa juani, liwe kwa saa chache tu, kwa kuwa jua la miezi mingi hudhoofisha nailoni. Mvua ikinyesha, kamba iliyotundikwa chini ya paa mahali penye upepo inafaa kuliko kuzungusha vitu karibu na jiko, ambako cheche moja inayeyusha chandarua na hema pia.

Kitambaa hudanganya: uso wake hukauka mapema, lakini mishono, mikanda, pembe na kamba hubaki na maji. Gusa mshono kwa upande wa nyuma wa mkono au kwa shavu. Ukihisi ubaridi, bado kuna maji yanayogeuka mvuke, usianue. Wakati wa mvua inaweza kuchukua siku mbili au zaidi, na mwezi Juni au Julai mchana mmoja hutosha. Baada ya hapo usivibane ndani ya mfuko wa plastiki. Vikunjwe kwa ulegevu, vitiwe katika mfuko wa pamba au vifungwe kwenye kitenge cha zamani, vitundikwe kwenye boriti mbali na sakafu. Petroli, chumvi na chakula vikae mahali pengine. Panya hufuata chakula, kisha hutoboa kitambaa na kukikojolea.

Msafiri akishikwa na homa katika wiki mbili tatu baada ya kurudi, aende kituo cha afya akapimwe malaria. Akishapata dawa, homa ikashuka kisha ikapanda tena baada ya siku chache, asinunue dozi nyingine kwa kubahatisha. Homa ya papasi hutibiwa kwa antibiotiki na wala si kwa dawa za malaria, na kwa mama mjamzito inaweza kumtoa mimba au kumuua mtoto mchanga. Mwuguzi atakuuliza unaumwa nini. Wewe mwambie pia ulilala wapi, juu ya sakafu ya aina gani, na kwamba mzigo wako umetoka huko.