Kasulu hadi Kibondo kwa Pikipiki (3): Safari Wakati wa Maradhi

Sehemu mbili zilizotangulia zilihusu barabara na chombo: tairi za kufunga, spea zisizoachwa nyumbani, na vipande ambavyo mvua ikinyesha hugeuka utelezi mtupu. Habari za maradhi nimeziwekea sehemu yake, kwa kuwa huku Buha, mkoani Kigoma, hazitenganiki na safari.

Hesabu ya miaka kumi tu inatosha. Mei 2015, makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia vurugu za kisiasa walijazana Kagunga, kijiji cha ufukweni kisichofikika kwa gari, wakingoja meli ya Liemba iwapeleke Kigoma mjini. Kipindupindu kikazuka, na katika wiki chache kikawapata zaidi ya watu 3,000. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola ilikuwa Kivu Kaskazini na Ituri, nchini Kongo, ikaua watu 2,287. Kabla haijaisha, Uviko-19 ikaingia. Machi 2023 Marburg ilitangazwa mkoani Kagera, na Januari 2025 ikarudi, safari hiyo Biharamulo, wilaya ambayo kila atokaye Kibondo kwenda Mwanza huikanyaga. Katikati ya hayo, Julai 2024, Burundi ilitangaza mpox, na Machi 2025 Tanzania nayo ikatangaza wagonjwa wake. Anayengoja mwaka mtulivu ndipo aje kuendesha pikipiki katika nyanda za juu za Kigoma atangoja sana. Kwa hiyo nitaeleza jinsi ya kupanga nikichukulia kwamba ugonjwa upo mahali fulani jirani, na msafiri naye keshajaza tangi.

Tuanze na Uviko, kwa sababu ndiyo iliyotufundisha wengi wetu kufikiri. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, Arusha. Wiki mbili kabla yake, Rais Magufuli na Maalim Seif Sharif Hamad walikuwa wamekwisha kuonekana Ikulu wakisalimiana kwa kugusanisha miguu, jambo lililochekesha wakati ule. Shule zikafungwa, ndege za kimataifa zikasimamishwa kuanzia Aprili hadi katikati ya Mei, lakini barabara za ndani ya nchi zikabaki wazi. Mwanzoni mwa Mei takwimu zikakoma kutolewa, hesabu ikiwa imesimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Chanjo ya kwanza, ya Janssen, dozi zaidi ya milioni moja, ilifika Julai 2021, chini ya Rais Samia.

Majirani walishika njia nyingine. Uganda ilipiga marufuku bodaboda kubeba abiria mwishoni mwa Machi 2020, mizigo peke yake ikaruhusiwa, na abiria hawakurudi hadi mwisho wa Julai. Rwanda ilifunga mipaka na kuzuia watu kutoka wilaya moja kwenda nyingine. Pikipiki za abiria zilirudi Juni, nauli ikihimizwa ilipwe kwa simu ili noti zisipite mikononi. Zambia ilitangaza kufunga mpaka wa Nakonde tarehe 10 Mei, na siku sita baadaye Kenya ikatangaza kufunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa malori ya mizigo. Mwendesha pikipiki wa Kasulu akajikuta na nchi nzima mbele yake, hakuna askari wa kumwambia rudi, na mipaka ya majirani imemfungia. Sheria ilipokaa kimya, kazi ya kuamua ilimwangukia yeye.

Wengi waliamua kwa hoja moja: pikipiki ni salama, uko peke yako, upepo unapuliza. Hoja hiyo ina ukweli wake. Uviko hupitia hewa wanayovuta watu waliokaribiana, hasa ndani ya chumba au gari lililofungwa madirisha, na kwa kipimo hicho pikipiki ya mtu mmoja inaishinda Hiace iliyobananisha watu kuanzia Kigoma mjini. Lakini hoja inamfikisha msafiri hadi pale anapozima injini tu.

Wamarekani walilijaribu jambo hili kwa ukubwa ambao sisi hatuna. Huko Sturgis, mji wa watu wapatao 7,000 katika jimbo la South Dakota, kila Agosti hufanyika mkutano wa waendesha pikipiki. Mwaka 2020 haukuahirishwa. Katika siku kumi, vyombo zaidi ya 460,000 vilihesabiwa vikiingia. Baadaye wataalamu wa jimbo la Minnesota, wakifuatilia wakazi wao peke yao, walipata wagonjwa 86 waliohusishwa na mkutano ule, wakiwamo ambao hawakwenda kabisa bali waliletewa ugonjwa nyumbani, na mmoja akafariki. Kilichowaponza hakikuwa zile maili walizoendesha, kwani huko walikuwa na upepo wao. Zilikuwa baa, migahawa na kumbi ambamo walivua kofia na kukaa bega kwa bega.

Kwa hiyo ukipanga safari ya Kasulu hadi Kibondo wakati wa ugonjwa wa hewa, chukua karatasi uandike vituo kabla hujaandika kilometa. Mradi wa lami wa Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, uliogharamiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, umetupa vipimo vizuri: Kanyani hadi Mvugwe kilometa 70.5, Mvugwe hadi njiapanda ya Nduta 59.35, na kutoka hapo hadi Kabingo 62.5. Boxer au TVS iliyotunzwa hupita kilometa 40 kwa lita moja. Tangi la lita kumi likijazwa Kasulu linakufikisha Kibondo na kukurudisha. Maana yake ni kwamba vituo vya njiani, mafuta ya chupa pale Makere, soda kule Mvugwe, kukaa kijiweni kusikiliza habari, vyote ni vya hiari. Siku za kawaida ndivyo vinavyonogesha safari. Siku za maradhi, kila kimoja ni mlango unaoufungua mwenyewe.

Chakula kina namna yake. Mama lishe anayepika chini ya mti, upepo ukipita, ana heri kuliko hoteli yenye televisheni na madirisha mawili, hata kama hoteli ina vigae. Kaa nje, fika kabla ya saa saba wateja hawajajaa, na angalia kama kibuyu chirizi kina maji kweli na kipande cha sabuni. Wakati wa Uviko vibuyu hivyo na ndoo za maji tiririka vilisimamishwa kila mlango wa ofisi na duka, na baada ya miezi michache vingi vilikuwa vikavu vimebaki mapambo. Kwa kipindupindu, kibuyu kikavu ni hatari kubwa kuliko mtu anayekohoa meza ya jirani. Msafiri anayechukua tahadhari ile ile kwa kila ugonjwa anajisumbua bure mahali pamoja na kujiacha wazi mahali pengine.

Malazi sina mengi ya kusema: gesti yenye dirisha linalofunguka, chumba cha uani, neti isiyo na matundu.

Abiria ndiye mwenye maneno mengi. Ukipakia mtu, upepo haukusaidii tena kama ulivyosaidia ukiwa peke yako. Amekaa nyuma ya sikio lako kwa saa tatu. Wakipanda wawili, ile mishikaki ambayo trafiki huikamata mchana na kuisamehe usiku, hapo hakuna tena tofauti na Hiace. Kofia ngumu ya abiria nayo huzunguka vichwa vya watu wasiojuana tangu asubuhi hadi jioni, jambo ambalo lilizungumzwa sana Kigali na Kampala kuliko kwetu. Mwenye safari ndefu aje na kofia yake. Si ghali ukilinganisha na pikipiki yenyewe.

Marburg inageuza mambo yote hayo. Haipiti kwa upepo. Hupita kwa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, na chanzo chake porini ni popo wala matunda wanaokaa mapangoni. Mlipuko wa Biharamulo ulitangazwa tarehe 20 Januari 2025 na kumalizika rasmi 13 Machi. Wagonjwa wawili walithibitishwa na maabara, wanane wakahesabiwa kuwa wa kudhaniwa, na wote kumi walifariki. Kwa mwendesha pikipiki anayepita Nyakanazi kuelekea Kakonko, kunywa chai kando ya barabara hakukuwa hatari kubwa. Hatari ilikuwa kwenye ombi ambalo msafiri wa huku hulipata mapema au baadaye: mtu anasimama barabarani, anapunga mkono, mgonjwa wake amekaa chini ya mti, zahanati iko mbali, na pikipiki ni yako.

Vijijini huku pikipiki ndiyo gari la wagonjwa. Mgonjwa huketishwa katikati, ndugu nyuma akimshikilia, kifua chake kimeegemea mgongo wa dereva. Akitapika au akitokwa damu, dereva ndiye wa kwanza kulowa. Sitamwambia mtu akatae kumbeba mgonjwa. Atakayesema hivyo hajawahi kukaa Kibondo. Ninachosema ni kwamba jibu lipangwe nyumbani, kabla ya mkono kupungwa. Namba 199 ya Wizara ya Afya haina malipo, na 115 ni ya usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga. Piga kwanza. Kama mlipuko umetangazwa wilayani na mgonjwa ana homa, anatapika au anatokwa damu, usafiri wake ni gari la halmashauri lenye watu waliovaa vya kujikinga, na msaada wako ni simu, salio lako, na kungoja kwa mbali mpaka lifike. Glovu mbili tatu ndani ya mkoba wa spea hazili nafasi.

Kuna ugonjwa mwingine ambao hautangazwi redioni, nao ni wa hapa hapa. Mashariki ya Kibondo ni pori la Moyowosi, na huko kuna mbung'o. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha watu wa sehemu za Buha, Kibondo ikiwamo, ikawakusanya katika makazi maalumu ili malale isiwamalize, na mahame ya vijiji vile yakarudi kuwa pori. Watu walipoondoka, vichaka vikaota, na mbung'o wakapata makao zaidi. Mdudu huyu huvutwa na kitu kinachotembea na hupenda rangi ya buluu na nyeusi, kwa hiyo mwendesha pikipiki aliyevaa jinzi na koti jeusi amejipamba kwa ajili yake. Vaa kaki. Ukipata homa wiki moja hadi tatu baada ya kupita porini, na kipimo cha malaria kikasema huna, mwambie mganga ulipita wapi. Wakati wa Uviko homa ya aina yoyote ilitiliwa shaka moja tu, na wengine walijificha nyumbani wakijifukiza nyungu huku malaria ikiendelea na kazi yake.

Nimeacha ajali hadi hapa kwa makusudi, maana watu wakizungumzia maradhi huisahau. Wakati wa mlipuko hospitali hugawanya wahudumu na vitanda, na oksijeni hugombaniwa. Mguu uliovunjika kwenye kona ya vumbi utapelekwa hospitali ya wilaya Kibondo, au Kabanga karibu na Kasulu, au Heri upande wa Buhigwe, na ukishindikana Maweni, Kigoma mjini. Uzijue kabla ya kuondoka, na ujue pia kwamba siku hizo utakuta foleni isiyo yako. Kwa maoni yangu, mwalimu anayekwenda kituo chake na mfanyabiashara wa maharage wana haki ya kuwa barabarani hata mlipuko ukiwa mkali. Anayekwenda kutazama vilima na kupiga picha anaweza kungoja. Vilima vya Buha havihami. Na kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta zitoke kabisa kwenye orodha ya wapenda matembezi. Kuingia kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na ugonjwa ukipenyezwa na mgeni mahali watu walipobanana vile hautatoka kwa urahisi.

Limebaki suala la kurudi. Virusi vya Marburg huweza kukaa mwilini hadi siku 21 kabla ya dalili, mpox vivyo hivyo, Uviko hadi siku 14, kipindupindu hakizidi siku tano. Kutoka Nyakanazi hadi Kigoma mjini ni mwendo wa siku moja, kwa hiyo pikipiki inaufikisha ugonjwa nyumbani muda mrefu kabla mwenyewe hajajijua. Andika tarehe, mahali ulipolala na namba za uliowapakia, kwenye daftari au kwenye simu. Maofisa wa afya waliofuatilia waliokutana na wagonjwa wa Biharamulo waliorodhesha watu 281, na kazi yao ilitegemea kumbukumbu za watu wa kawaida. Daftari hilo pia linakurahisishia mambo kwenye vizuizi vya Uhamiaji vya mkoa huu, ambako swali la kwanza ni umetoka wapi na la pili umelala kwa nani.

Sehemu ya nne itavuka mpaka wa Manyovu kuingia Burundi. Anayetaka kujiandaa mapema atafute kadi mbili, zote za njano: ya bima ya COMESA kwa ajili ya chombo, na ya chanjo ya homa ya manjano kwa ajili yake mwenyewe. Chanjo hiyo ichomwe siku kumi kabla ya kuvuka.