Usijikaze Safarini: Ugonjwa Unapokukuta Mbugani

Kila Desemba, vyama vya akina mama hapa Komarock, Nairobi, hukodi gari na dereva wa utalii, wakashika Kangundo Road alfajiri kuelekea Maasai Mara. Mimi hutibu watu wa presha na sukari, na Januari inapofika husikia yaliyowapata huko. Kinachowalaza wengi si malaria wala wanyama. Ni kujikaza. Mtu anaumwa na hasemi, kwa kuwa wenzake wamechanga mwaka mzima na hataki kuwa sababu ya gari kugeuzwa.

Kujikaza kwenyewe huanza kabla ya kupanda gari. Wengi wenye presha wana kidonge kimoja kinachotoa maji mwilini, kile wanachokiita dawa ya kukojoa. Mama anajua gari litasimama Mai Mahiu na tena Narok, na anaona haya kumwambia dereva, kijana wa umri wa mwanawe, asimamishe katikati. Kwa hiyo anakiacha kidonge nyumbani, na maji hanywi. Siku ya pili miguu imevimba, kichwa kinagonga, naye akiulizwa husema, "Ni vumbi tu." Kidonge hicho mara nyingi kinaweza kusogezwa saa, kikamezwa baada ya kufika, lakini hilo ulipange na daktari wako wiki moja kabla, usijiamulie. Dereva naye aambiwe mapema. Hataudhika, kusimama ni sehemu ya kazi yake.

Mwenye sukari hatari yake ni chakula kuchelewa. Amejidunga insulini saa kumi na moja asubuhi akitarajia kula njiani, kumbe malori yamefunga barabara kwenye mteremko wa Bonde la Ufa. Anatoka jasho, mikono inatetemeka, maneno yanamchanganyika. Wenzake hudhani ni usingizi, wakamwachia alale. Asilale! Akiwa bado anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Ngojeni dakika 15, mrudie kama hajapata nafuu, kisha ale chakula. Akiwa amezimia msimtie kitu mdomoni. Mlazeni ubavu na mtafute hospitali mara moja. Insulini yenyewe ikae kwenye mkoba ndani ya gari, kamwe isiwekwe kwenye buti wala juu ya dashibodi penye jua.

Mkiwa ndani ya mbuga, saa ndiyo huamua. Dereva ana redio, anajua ni kambi gani ina muuguzi na kiwanja cha ndege kilicho karibu, kiwe Keekorok au Ol Kiombo. Ndege za Amref Flying Doctors, huduma iliyoanza mwaka 1957, hutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, na hufika Mara kwa muda wa saa moja hivi. Lakini viwanja vingi vya mbugani havina taa. Maumivu ya kifua yaliyofichwa tangu asubuhi, yakaja kutajwa wakati wa chakula cha jioni, yamekwisha kuikosa ndege. Inayobaki ni barabara ya usiku hadi Narok. Kiharusi ndicho kinachosubiri kidogo kuliko vyote. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yasipoeleweka, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya kichwa. Hata dakika tano msingoje kuona kama dalili zitaisha zenyewe.

Kuhusu pesa, kampuni kadhaa za utalii huwalipia wageni kutoka ng'ambo bima ya kuokolewa kwa ndege. Chama kiulize kama wanachama wamo, na kiulize kabla ya kulipa arabuni. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, iangalieni kwa *147# kabla ya kuondoka kama bado iko hai. Na hospitali ikidai amana kabla ya kumgusa mgonjwa wa dharura, ijulisheni kifungu cha 43 cha Katiba na Sheria ya Afya ya 2017: kumnyima huduma hali inaweza kuitoa ni kosa ambalo faini yake hufika shilingi milioni tatu.

Kinachofungua ulimi wa mgonjwa, hata hivyo, ni makubaliano ya mkutano wa mwisho wa chama kabla ya safari. Mtajeni mmoja atakayeshuka na mgonjwa, atakayebeba kitambulisho chake, orodha ya dawa zake na namba ya nduguye, huku wengine wakiendelea kutalii. Mama akijua gari halitageuzwa kwa ajili yake, atasema saa nne asubuhi. Huyo anayemsindikiza asitoke hospitali ya Narok bila barua ya matibabu, maana kliniki yake ya nyumbani, katika hospitali ya Mama Lucy, itataka kujua ni dawa gani alizopewa na kwa kiasi gani.