Kulipia Hatua Moja Moja: Gharama za Kutengeneza Programu ya Kompyuta

Wazee walisema kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hii yafaa sana kwa kazi ya kutengeneza programu za kompyuta, kwa maana anayeitengeneza hajui bado ugumu wake, wala anayeiagiza hajui bado yote atakayoyahitaji. Naeleza jambo hili kwa sababu Chama chetu cha Kompyuta kimeombwa kutengeneza programu ya kuandikia vitabu vinavyoazimwa maktabani, na wazazi wameuliza swali la haki: Itagharimu kiasi gani?

Sisi wa Shinyanga na Geita hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Baba yangu ni mchimbaji mdogo wa dhahabu upande wa Nyarugusu. Anapoanza duara, hanunui siku ya kwanza miti ya kuzuia kuta mpaka chini. Yeye na wenzake huchimba mita chache, huchukua mawe, huyasaga, na kuyaosha katika karai ili watazame kama dhahabu yabaki. Ikionekana, huchanga fedha tena na kuendelea; isipoonekana, huhama wakiwa wamepoteza kidogo. Kampuni kubwa nazo hutoboa ardhi na kupima mawe kabla ya kufungua mgodi. Fedha ya kupima si hasara. Ndiyo bei ya kujua.

Nchi yetu iliwahi kuonja ubaya wa kuacha kupima. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma wajumbe kuchunguza ardhi ya kilimo cha karanga. Walizunguka kwa wiki chache, mara nyingi kwa ndege. Ukafanywa mpango wa kulima ekari zaidi ya 3,000,000 kwa gharama ya pauni milioni 25 hivi, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Kumbe udongo wa huko ulikuwa mgumu mno wakati wa kiangazi, mvua hazikutosha, na mitambo ikaharibika upesi. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na pauni milioni 36 hivi zikahesabiwa kuwa zimepotea. Shamba dogo la majaribio, kama lingalilimwa misimu miwili mitatu, lingaliwafundisha mambo hayo kwa gharama ndogo sana.

Programu nyingi za kompyuta zilitengenezwa zamani kwa mtindo wa Kongwa. Mahitaji yote yaliandikwa kwanza, kazi yote ikafanywa, na mwenye kuagiza akaiona mwishoni. Februari 2001 watu 17 wa kazi hiyo walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakatoa tamko juu ya njia iliyoitwa ajaili, maana yake yenye wepesi wa kugeuka. Wafuasi wa njia hii kwa kawaida huigawa kazi katika vipindi vifupi, kama wiki 1 hadi 4. Kila kipindi sharti kiishe na kitu kidogo kinachofanya kazi kweli. Mwenye kukitumia hukijaribu na kusema kasoro zake, ndipo huamuliwa la kufuata. Tazama hesabu yake: kazi ya wiki 10 ikionyeshwa mwishoni tu, kosa la wiki ya kwanza laweza kuharibu wiki zote 10. Ikionyeshwa kila wiki, kosa lile huonekana mapema, na kinachopotea ni kazi ya wiki moja.

Faida nyingine ni kugundua usilolitazamia. Oktoba 2005 M-Pesa ilianza kujaribiwa nchini Kenya kwa wateja wachache, wasiozidi 500. Nia ya kwanza ilikuwa kuwawezesha watu kulipa mikopo yao kwa simu. Katika majaribio ikaonekana kwamba watu walikuwa wakitumiana fedha wao kwa wao. Basi ilipofunguliwa kwa watu wote Machi 2007, kazi yake kubwa ilikuwa kutuma fedha, na mwaka 2008 ikafika Tanzania. Leo wengi wetu hutumiwa nauli ya likizo kwa njia hiyo.

Lakini si kila kazi yafaa kufanywa hivi. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lisingemfaa msafiri yeyote kama lingaliishia katikati ya ziwa. Programu si daraja: sehemu yake ndogo yaweza kutumika leo, na nyingine ikaongezwa kesho.

Sasa nalijibu swali la wazazi. La kwanza, bei ya programu nzima hatuijui, na atakayeitaja leo anabahatisha. La pili, bei ya hatua ya kwanza twaijua: ni wiki 2 za wanafunzi 4, baada ya masomo, kwa kompyuta tuliyo nayo. Hatua hiyo itaandika vitabu vya Kidato cha Kwanza tu, nani ameazima na lini amerudisha. La tatu, mkutubi ataijaribu mbele ya walimu, ndipo wazazi waamue kama hatua ya pili yastahili mchango, na usizidi kiasi gani.

Tena kuna sababu ya haraka. Sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani Novemba na kuondoka. Tukianza yote kwa pamoja, tutawaachia wadogo zetu kazi nusu isiyofaa kitu. Tukienda hatua moja moja, hata tukiishia njiani, kilichokwisha kutengenezwa kitaendelea kuhesabu vitabu. Nawaomba walimu na wazazi waturuhusu kuichimba mita hiyo ya kwanza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne